Usiku wa Mwenye Kuuguza

Wasomaji wa visiwani huenda wakashangaa kwamba Mbamba Bay nako ni pwani: kuna mchanga, mitumbwi na taa za wavuvi wa usipa katika usiku wa giza. Ila maji yake ni matamu, na nyuma yake milima hupanda hadi Mbinga, nchi ya kahawa na ya mashimo ya ngoro.

Katika nyumba moja ya ufukweni, dada mtu amemuuguza mdogo wake kwa miaka. Kijana alianza kwa kukesha, kisha akasikia sauti zikimwita ziwani. Majirani wakataja uchawi. Mbuzi wakaenda kwa waganga. Ilikuwa hospitali, hatimaye, iliyomrudishia utulivu kwa sindano ya kila mwezi. Dada huihesabu siku hiyo kama mvuvi ahesabuvyo mwezi, maana ikichelewa, sauti huweza kurudi.

Kiswahili kina siri katika neno hili: kuuguza kumezaliwa na kuugua. Hospitali ya Mirembe iko Dodoma, mbali mno na ziwa, na wagonjwa wengi wa akili nchini hawalali huko. Hulala nyumbani, mlango ukilindwa na mama, mke au dada. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeandikwa kwa ajili ya mgonjwa. Anayekesha mlangoni huambiwa avute subira. Washairi wa pwani wameisifu mno subira, na pengine wameisifu kupita kiasi, kwani aghalabu husifiwa na waliokwisha kulala.

Naye dada alifika mahali akamchukia mdogo wake, akajichukia kwa kumchukia. Siku iliyofuata akapanda Mbinga kwa mjomba wake.

"Mjomba, shikamoo. Sikuja kuomba fedha. Nimekuja kuomba usingizi."

Aliomba miezi mitatu tu, Juni hadi Agosti, kijana akae huko achume kahawa. Mjomba alinyamaza kitambo kirefu. Si kwamba hakuwa na huruma. Alikuwa na binti mwenye mchumba, na posa huulizia ukoo. Wengi hulaumu ndugu wanaojitenga bila kuitazama hofu hii, nayo ni hofu yenye sababu.

"Watu watasema nini, mpwa wangu?"

"Wanasema tayari, mjomba. Hata ngoro haina mtu mmoja: mwanamume hulaza nyasi, mwanamke akafukia udongo. Mimi nimelaza, nimefukia, peke yangu."

Mjomba akakubali, kwa sharti kwamba afundishwe. Dada akamweleza dalili: kukosa usingizi kwanza, kisha kucheka peke yake, kisha kukataa chakula kwa kukihofia. Akamwonya asibishane na zile sauti wala asizikubali. Tarehe ya sindano wakaiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa ghala.

Usiku wa kwanza ufukweni, dada alilala hadi usipa walipokuwa wamekwisha kuanikwa kwenye chanja. Aliamka kwa kishindo cha moyo, akakimbilia chumba cha pili, akakuta mkeka umekunjwa. Akakaa kizingitini, akaanza kuhesabu kwa vidole siku zilizobaki hadi sindano.