Mshipa Uliosinyaa na Kiwanja cha Mzee

Katika kamati yetu ya msikiti hapa Kwa Mrombo, maombi ya mchango wa matibabu husomwa baada ya swala ya Ijumaa. Mwaka huu ombi moja limetushughulisha kuliko mengine. Mzee wetu mmoja alipigwa picha ya moyo kwa CT skani, ripoti ikasema mshipa mmoja umesinyaa kwa takriban nusu. Wanawe wakaazimia kuuza kiwanja apelekwe India.

Kabla ya kutangaza mchango tulikwenda pamoja nao kwa daktari. Alitufahamisha kuwa picha ile huonesha njia, si damu inayopita humo. Dawa ya rangi huingizwa kwa mshipa wa mkono, mapigo ya moyo hutulizwa, mgonjwa huzuia pumzi sekunde chache, na mafuta na chokaa kwenye kuta za mishipa huonekana. (Mwenye maradhi ya figo aseme mapema, kwa sababu ya rangi hiyo.) Lakini mshipa uliosinyaa nusu waweza kupitisha damu ya kutosha, na mwingine wa kiasi hicho hicho ukaunyima moyo haki yake.

Hapo ndipo penye fedha na roho ya mtu. Njia ya zamani ni kupitisha waya mwembamba hadi ndani ya mshipa wa moyo na kulinganisha shinikizo la damu mbele na nyuma ya penye wembamba. Uwiano ukiwa 0.80 au chini yake, damu inahesabiwa kupungua. Sasa kompyuta yaweza kukadiria uwiano huo kutokana na picha zile zile za CT. Marekani iliidhinisha hesabu hiyo mwaka 2014. Iko pia CT ya pili, ambayo mgonjwa hupewa dawa ya kutanua mishipa, kisha hutazamwa sehemu gani ya nyama ya moyo imekosa rangi.

Vipimo hivi havipatikani kila hospitali. Daktari ameshauri mzee aonwe kwanza na wataalamu wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 jijini Dar es Salaam, wao waamue kipimo kinachomfaa. Maumivu ya kifua yakimjia ghafla, asingoje safari, akimbizwe hospitali ya karibu.

Wanawe wameridhia. Kiwanja hakijauzwa, na mchango wa Ijumaa hii ni wa nauli yake na ya mtu wa kumsindikiza.