Malaria: Kikulacho ki Nguoni Mwako

Ukitoka Voi upite Mwatate na Bura, barabara hatimaye itakuteremsha hadi Taveta, kwenye mashamba ya ndizi yanayonyweshwa maji ya chemchemi. Maji hayo ni riziki, lakini pia ni makao ya mbu. Vita hivyo ni vya miaka mingi: kati ya 1955 na 1959 nyumba za huko zilinyunyiziwa dawa ya dieldrini katika mradi wa Pare na Taveta. Hata hivyo, malaria haijaondoka.

Mama mmoja niliyemkuta huko akimuuguza mwanawe aliniuliza swali ambalo sijalisahau. "Dada, daktari asema vijidudu kwenye damu ni vichache. Mbona basi mtoto wangu hajitambui?"

Jibu lipo, nalo linatisha. Damu ya kupima hutolewa kidoleni, ilhali vijidudu vingi vimejificha kwingine. Kimelea cha malaria kali huishi ndani ya chembe nyekundu ya damu kwa saa 48 hivi. Katika nusu ya pili ya muda huo, chembe hiyo huota vinundu, ikang'ang'ania kuta za mishipa midogo, hata ya ubongo. Hapo hukwepa wengu, ambao ungeichuja. Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.

Je, chembe hiyo hushika kwa nguvu kiasi gani? Wataalamu wamepima kwa hadubini ya nguvu za atomu, chombo ambacho Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber walikitangaza mwaka wa 1986. Usidhani unachungulia ndani yake. Chombo hiki hupapasa, kama kipofu na mkongojo wake. Kina mkono mwembamba wenye ncha kali mno. Protini moja hubandikwa kwenye ncha, nyingine chini yake. Zikigusana hushikana; kisha mkono huvutwa juu, ukapinda kama springi ya mizani inavyovutika, hadi zinapoachana. Mwale wa leza huonyesha mkono umepinda kiasi gani.

Mwaka wa 1994, wataalamu wa Munich walipima hivyo avidini, protini ya ute wa yai, ikishikana na vitamini iitwayo biotini. Walipata pikonyutoni 160 hivi. Nyutoni moja ni kama uzito wa ndizi ya gramu 100. Igawe mara bilioni elfu moja, upate pikonyutoni moja! Kwa mbinu hiyo, chembe zenye malaria nazo zimepimwa zikishika protini za mishipa, kama ile iitwayo CD36. Mshiko mmoja ni hafifu. Lakini mishiko mingi kwa pamoja huishinda kasi ya damu.

Hospitalini bado hakuna dawa ya kuibandua. Iliyopo, artesuneti, hufaa kwa kuwa huviua hata vimelea vichanga kabla havijashika. Katika utafiti wa 2010 uliohusisha zaidi ya watoto 5,000 Afrika, wakiwemo wa Kilifi, vifo vilikuwa pungufu kwa zaidi ya humusi vikilinganishwa na kwinini.

Basi msomaji, fahamu kwamba homa hupanda chembe zinapopasuka na kumwaga vimelea vipya. Baada ya siku moja hivi, navyo huanza kung'ang'ania. Degedege si jini. Mtoto akishikwa na homa asubuhi, mpeleke akapimwe kabla ya jua kutua.