Maongezi Yangu na Bibi Mwuguzi

Nataka kuwapa wasomaji habari za maongezi niliyoyafanya na bibi mwuguzi wa hospitali iliyo karibu nasi. Jina lake sitalitaja, maana yeye mwenyewe hakupenda.

Sababu ya kumwendea ni hii. Katika darasa langu yuko binti mmoja, hodari wa hesabu na biolojia, ambaye nia yake ni kuwa mwuguzi. Baba yake ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Aliponijia kutaka shauri alisema, "Mwalimu, mimi sikumlea mtoto ili aende kumwaga mikojo ya watu asiowajua." Nami nilinyamaza. Jibu sikuwa nalo, na tena moyoni nilikuwa na kinyongo changu juu ya wauguzi, nitakachokieleza mbele.

Basi Jumamosi moja nilichukua daftari nikaenda. Nilimkuta akinawa mikono kwa sabuni, polepole, katikati ya vidole, migongo ya viganja, na kucha, hata nikadhani hakuniona. Kumbe aliniona. "Karibu, Mwalimu," akasema, "ningoje nimalize, hii nayo ni kazi." Baadaye akanieleza habari za Semmelweis, daktari wa Vienna, ambaye mwaka 1847 aliwaamuru madaktari na wanafunzi wao wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kuwapima wanawake waliokuja kuzaa. Vifo vya homa ya uzazi vilipungua sana, walakini wenziwe wengi walimkataa.

Nikamwuliza, "Je, mwuguzi si mtumishi wa daktari tu?" Akacheka. Daktari, alisema, hupita wodini, huandika dawa, kisha huwaendea wengine. Anayebaki na mgonjwa ni mwuguzi. Ndiye apimaye joto, mapigo ya moyo, pumzi na shinikizo la damu, naye mara nyingi ndiye wa kwanza kutambua kwamba mtu aliyekuwa hajambo jioni sasa anazidiwa. Kabla ya kutoa dawa hujiuliza: mgonjwa ndiye? dawa ndiyo? kipimo ndicho? njia ndiyo? saa ndiyo? Kisha huandika. "Usipoandika, Mwalimu, ni kama hukufanya." Na mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, asije akafanya vidonda vya kulala. Mimi nilikuwa nikidhani huwasumbua watu usingizini bure!

Nikataja Florence Nightingale na taa yake, maana ndilo jina nililolijua. Akasema taa watu huikumbuka, ila husahau hesabu zake. Baada ya vita vya Krimea, vilivyokwisha mwaka 1856, bibi yule alipanga idadi za askari waliokufa, akachora michoro kuwaonyesha wakubwa wa Uingereza kwamba waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na majeraha. Shule yake ya wauguzi ilifunguliwa London mwaka 1860. Hapo nilimkumbuka yule binti na hesabu zake, nikapiga mstari chini ya maneno hayo.

Kuhusu masomo, alisema kwetu Tanzania anayetaka stashahada ya uuguzi na ukunga husoma miaka 3 baada ya kidato cha nne, naye lazima awe amefaulu biolojia, kemia na fizikia. Akishinda mitihani huandikishwa kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga na kupewa leseni.

Sasa kinyongo changu. Mwaka uliopita mama yangu alilazwa apasuliwe, na tangu usiku akakatazwa kula. Asubuhi nilimwona midomo imemkauka, nikamnywesha uji kwa siri. Mwuguzi akakiona kikombe. Kupasuliwa kukaahirishwa mpaka kesho yake, nami nikakemewa mbele ya watu kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilirudi kijijini nikisimulia kila kibarazani kwamba wauguzi hawana huruma. Na mwuguzi aliyenikemea ni huyu huyu niliyekuwa nimeketi mbele yake.

Nilifunga daftari, nikamwuliza, "Bibi, uji una ubaya gani?" Akajibu kwamba mtu akitiwa dawa ya usingizi, koo halijilindi tena, kilichomo tumboni huweza kupanda na kuingia mapafuni, naye akafa mezani. Nikasema, "Yule mwenye uji alikuwa mimi."

"Nakumbuka," akasema. "Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Mpe salamu zangu." Akainuka kwenda wodini, kwa kuwa saa ya dawa ilikuwa imefika.

Jioni ile nilipita kwa yule mzee, nikamsomea daftari langu lote, na habari ya uji pia, ingawa niliona haya. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama chini kitambo, akauliza, "Na wasichana wanaosomea kazi hiyo hulala wapi?" Nikamjibu kwamba hilo sikuliuliza. Jumamosi ijayo tutakwenda pamoja, akamwulize mwenyewe.