Saa za Joto

Kinangop, Kenya, nilikokulia miaka ya 1970, kujua ng'ombe gani yuko kwenye joto ilikuwa kazi ya watoto, ingawa hakuna aliyetuambia kwamba ni kazi. Baba alikuwa amepata shamba katika ardhi iliyoachwa na walowezi, akanunua Friesian na Ayrshire wachache, nasi tukawachunga kutwa. Anayetaka dume alijitangaza mwenyewe. Hatulii malishoni, analia ovyo, anawanusa wenzake, anawaegemezea kidevu mgongoni, mara anawapanda. Mgeni alidhani huyo anayepanda ndiye. Sisi tulimtazama wa chini. Asiye na joto akipandwa huchomoka mara moja. Aliye nalo husimama tuli, na ute mwangavu humning'inia nyuma kama uzi wa yai bichi. Huyo ndiye aliyepelekwa barabarani kesho yake.

Barabarani palikuwa na krashi, kizimba cha mbao cha kumbana ng'ombe asirushe mateke, na gari la mbegu lilipita hapo kwa ratiba. Kituo cha serikali cha Kabete, karibu na Nairobi, kilianza kutoa mbegu za mafahali mwaka 1946, enzi ambayo dume mmoja mgonjwa aliweza kuwaharibia uzazi ng'ombe wa zizi zima. Baada ya uhuru huduma hiyo iliwafikia wakulima wadogo kwa ada ndogo mno. Mhudumu tulimwita daktari, hata kama hakuwa daktari. Alivaa glovu ndefu hadi begani, na kabla ya kugusa chochote alimuuliza mama, "Mama, ameanza lini?" Mama alimjibu kwa saa zake: "Tulipomaliza kukamua jana jioni."

Nilidhani ni maneno ya kupitisha muda. Kumbe kila kitu kilitegemea jibu hilo. Joto la ng'ombe hudumu saa 12 hadi 18 hivi, na mara nyingi huwa chini ya hapo. Yai hutoka baada ya joto kwisha, kwa kadiri ya saa 10 hadi 12, na mbegu nazo huhitaji saa kadhaa tumboni kabla ya kuwa tayari. Ndiyo maana wafugaji wengi duniani hufuata kanuni iliyotokana na utafiti wa Trimberger kule Nebraska, Marekani, miaka ya 1940: aliyeonekana asubuhi apandishwe jioni, aliyeonekana jioni apandishwe asubuhi. Gari letu halikuijua jioni. Ng'ombe wa mama aliyeanza alfajiri ama alipandishwa mapema mno, ama alingoja hadi kesho akiwa amekwisha poa. Hata hivyo wengi walishika mimba, na nadhani sababu ni kwamba jibu la mama lilikuwa la kweli. Mtu aliyeshinda na ng'ombe hakosi la kusema.

Halafu magari yakaanza kuchelewa, yakakosa siku, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 serikali ikawaachia kazi hiyo vyama vya wakulima na watu binafsi. Bei ikapanda. Majirani wengi walirudia fahali wa kuazima, na krashi yetu ikaliwa na mchwa.

Wakati huo dada yangu alikuwa ameolewa Githunguri, kwenye shamba la ekari moja na nusu: kahawa, majani ya nepia na ng'ombe mmoja bandani. Ufugaji wa kumfungia ng'ombe na kumkatia majani ulikuwa umehimizwa tangu 1980 kwa mradi wa taifa uliosaidiwa na Waholanzi, na kwa ardhi iliyogawanywa hivyo sioni njia nyingine ingalikuwepo. Lakini ng'ombe wa peke yake atampanda nani? Sakafu ya saruji inateleza, hivyo hata akiwa na mwenzake huogopa kuparamia. Na hawa wa kisasa wanaojaza ndoo, joto lao ni fupi na la kimya, tena hupenda kuja usiku watu wakiwa wamelala. Dada alibaki na dalili za pembeni: maziwa yamepungua ghafla, nepia imesalia horini, mlio mmoja saa tisa usiku. Mara nyingine alichokiona ni damu kidogo mkiani, na damu hiyo hutoka siku moja hadi tatu baada ya joto kupita. Alichoweza kufanya ni kuiandika tarehe ya joto lililopita kwenye kalenda ya ukutani na kuhesabu siku 21 kwenda mbele, huku akiendelea kumlisha ng'ombe asiye na mimba.

Simu ilisaidia. Huduma ya iCow, iliyobuniwa na Su Kahumbu na kuanza Kenya mwaka 2011, ilimtumia ujumbe kumkumbusha kwamba siku zinakaribia. Mhudumu sasa huja kwa pikipiki saa yoyote akipigiwa, na mtungi wenye naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na ukiwa na pesa utapata mbegu zilizochaguliwa ambazo karibu tisa katika kumi huzaa jike. Ninayasifu maendeleo hayo kwa moyo mmoja. Ila mrija wa mbegu ukishayeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu, mhudumu bado anauliza ameanza lini, na simu haijui.

Mwaka jana dada alinunua mtamba. Shemeji alilalamika kwamba anakula nepia na hatoi hata kikombe. Dada akambomolea ukuta wa kati wa banda, akamwaga udongo juu ya saruji upande mmoja, na sasa anakamua akiwatazama wote wawili.