Napoli: Unga Ufundishao Subira

Jiji la Napoli, kusini mwa Italia, limejengwa kando ya ghuba, na mashariki yake umesimama Mlima Vesuvius, ule uliolipuka mwaka 79 na kuufukia mji wa Pompeii. Wachimbuaji wa magofu ya Pompeii walikuta matanuri ya waokaji, na mikate iliyogeuka makaa. Uokaji, basi, ni kazi ya kale katika nchi ile.

Mgeni apitaye vichochoro vya katikati ya jiji huona nguo zimeanikwa juu ya kichwa chake, dirisha hadi dirisha, na nyumba za chumba kimoja ambazo mlango wake hufungukia njiani. Humo ziliishi familia nzima, aghalabu bila tanuri. Ndiyo sababu piza ilikuwa chakula cha kununua njiani, chakula cha makabwela waliotaka kushiba kwa senti chache. Baada ya Vita Kuu ya Pili, akina mama waliikaanga mbele ya milango yao na kuwauzia majirani kwa mkopo: kula leo, lipa baada ya siku nane. Biashara hiyo imeonyeshwa katika filamu *L'oro di Napoli* ya mwaka 1954, ambamo Sophia Loren ni muuza piza.

Desemba 2017, UNESCO iliiingiza sanaa ya mafundi wa piza wa Napoli katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu. Msingi wa sanaa hiyo ni vitu vinne tu: unga wa ngano, maji, chumvi na hamira.

Hamira yenyewe ni kidogo mno. Chama cha mafundi hao, kilichoundwa mwaka 1984, hakiruhusu zaidi ya gramu 3 za hamira mbichi kwa lita moja ya maji. Hamira ni viumbe hai. Hula sukari itokanayo na wanga wa unga, na kutoa gesi inayouumua. Ikiwa nyingi, unga huumuka haraka lakini hukosa ladha. Ikiwa kidogo, kazi huchukua saa nyingi. Ladha hukomaa, na donge hulegea hata likatandazwa kwa vidole bila kusukumwa kwa mti. Ndipo huingia katika tanuri la kuni lenye joto la nyuzi 430 hadi 480, na kuiva kwa sekunde 60 hadi 90.

Ndugu msomaji, kazi hii yaweza kufanyika nyumbani. Chukua unga gramu 500, maji baridi gramu 300, chumvi gramu 15, na hamira kavu kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili. Kanda kwa dakika 15 hadi unga uwe laini, ufunike kwa kitambaa kibichi kwa saa mbili, kisha kata madonge matatu na kuyafunika tena. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, donge lililokandwa alfajiri huwa tayari jioni, na siku ya joto kali hata mapema zaidi. Libonyeze: shimo likirudi polepole, limeiva kwa kuokwa.

Tanuri la nyumbani halifiki joto la Napoli. Lipashe hadi mwisho wake, na piza itaiva kwa dakika chache zaidi. Asiye na tanuri atumie sufuria nzito, makaa chini na juu, kama aokavyo keki.

Mfanyakazi arudipo nyumbani jioni hukuta sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanyika. Watu wa vichochoro vile hawakuwa na fedha za kununulia vingi. Walichokuwa nacho ni saa, nazo wakazitia katika unga.