Parseli Haiuzwi

Bunia, Alhamisi 1 Agosti 2024

Sikukuu ya wazazi. Kongo nzima asubuhi ni ya marehemu, mchana ni ya walio hai. Tumekuwa makaburini tangu saa moja, watu na majembe yao, wengine na vikopo vya chokaa. Mwenye kazi kuliko wote alikuwa fundi wa vibao wa mtaani kwetu. Alipiga magoti mbele ya msalaba mmoja, akahamia wa pili, brashi nyembamba mkononi, kitambaa kinachonuka petroli begani. Analipwa kwa herufi. Ndiyo maana jina la Mkongomani, ambalo kwa kawaida lina sehemu tatu, pale linakatwa kufuatana na mfuko: mwenye nacho anaandikisha yote, asiye nacho anabaki na la ubatizo. Mama mmoja alisimama akihesabu kwa vidole, halafu akasema, "Andika Marie tu, Mungu anamjua." Fundi akaandika Marie, kisha akaongeza jina la ukoo bila kudai kitu.

Safu nzima ya misalaba aliyoishughulikia ina mwaka mmoja: 2003.

Jumamosi 3 Agosti

Salongo, kazi ya usafi wa pamoja, ilipokwisha maduka yakafunguliwa, nami nikashuka Bulvari ya Libération taratibu, daftari mkononi, nikisoma kuta moja moja. Mimi ni mwalimu wa historia na kila mwaka nalalamika kwamba mji wetu hauna jumba la makumbusho. Leo nimeandika yafuatayo.

Vyumba vya kununua dhahabu: karibu kila kimoja kina mzani wa sahani mbili uliochorwa mlangoni, na kando yake mabonge ya njano makubwa kuliko jiwe lolote lililowahi kutoka migodi ya Mongbwalu. Vinyozi: kichwa cha kijana, njia ya wembe imenyooka, shingo ndefu kupita kiasi. Kwado, waziba pancha: gurudumu lililoning'inizwa, neno lenyewe likiwa limeandikwa kwa chokaa juu ya mpira. Majina ya maduka yako kwa Kifaransa; mambo ya deni yako kwa Kiswahili, ili mteja asije akasema hakuelewa.

Halafu vibao vipya. Tangu 2015, tulipofanywa makao makuu ya mkoa wa Ituri, ofisi zimeota kila kona. Kabla ya hapo tulikuwa wilaya ya Mkoa wa Mashariki, na jambo kubwa lilikuwa lazima lipitie Kisangani. Na tangu vita viliporudi Djugu mwishoni mwa 2017, watu wakakimbilia mjini, vimeongezeka vibao vya mashirika ya misaada: herufi zilizopangwa na mashine, nembo tatu au nne chini, jina la mfadhili kubwa kuliko jina la mahali. Kampuni za simu nazo zinapaka nyumba ya mtu kuanzia msingi hadi paa, nyekundu au rangi ya chungwa.

Rafiki yangu wa chuo ananiambia Bunia haina wachoraji. Anatafuta ukumbi wa maonyesho, basi hawezi kuwaona. Mchoraji Chéri Samba mwenyewe alianza kwa kuandika vibao vya watu Kinshasa, kabla ya kufungua karakana yake mwaka 1975. Mwaka 1989 kazi zake zilitundikwa Paris. Katikati ya hapo hakubadilisha sana mkono wake: maneno yalibaki ndani ya picha, kama kwenye kibao.

Jumanne 6 Agosti

Karakana ya fundi ni kivuli cha mwembe, meza moja, bati zilizonyooshwa kwa nyundo na vipande vya tripleksi. Amenipa kopo nikalie.

Nilimuuliza kazi gani ameifanya zaidi tangu aanze. Nilidhani atasema maduka. Akasema: "Parseli haiuzwi."

Maneno haya, ya kuonya kwamba kiwanja hakiuzwi, yako kila mtaa, hata sisi wenyewe hatuyaoni tena. Lakini yeye anakumbuka yalivyofurika. Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka, wanamgambo walipigania mji nyumba kwa nyumba. Juni ikaja Artemis, kikosi cha Ulaya kilichoongozwa na Ufaransa, kikakaa mpaka Septemba, kisha MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, ikajiimarisha. Watu wakaanza kurudi kidogo kidogo. Wengi walikuta wageni wamelala vyumbani mwao, au karatasi ya mauzo yenye sahihi wasiyoijua. Kabla ya wakili, kabla ya mahakama, walimwita yeye.

"Nyekundu," anasema. "Nyekundu inasomwa hata na asiyejua kusoma."

"Ulikuwa unauliza ni ya nani?"

"Mwalimu, mimi siko tribinali. Mwenye kulipa njo anasemaka. Mimi naandikaka tu."

Kisha, akikoroga rangi, akaniambia habari ya ukuta mmoja. Familia moja ilimlipa aandike kwamba parseli haiuzwi. Baada ya miezi akaitwa na familia nyingine, akapelekwa kwenye ukuta uleule, akaambiwa afute aandike upya. Maneno waliyotaka yalikuwa yaleyale, herufi kwa herufi. Aliwashauri waokoe pesa zao, kwa kuwa yamekwisha andikwa. Wakakataa. Walitaka yaandikwe kwa mkono wao, yaani kwa pesa yao. Akafuta, akaandika.

Sijawahi kusoma maelezo ya mgogoro wa ardhi wa Ituri yanayoushinda ukuta huo.

Kasenyi, Ijumaa 9 Agosti

Nimemfuata fundi ziwani, ana oda ya mitumbwi. Bunia iko mita zipatazo 1,275 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko kama 620. Unashuka ukingo wa milima na shati linaanza kugandamana na mgongo. Ziwa Albert kwetu ndiyo pwani. Mobutu alilipa jina lake mwaka 1973. Jina hilo lilipoondolewa, wavuvi hawakuhitaji kufuta kitu, maana hawakuwa wameliandika.

Wanachoandika ni majina ya mitumbwi. Mengi ni ya dini, mengine ni ya kuwajibu majirani: Acha Waseme, Nilikuomba? Fundi anachora kwanza kwa chaki, anarudi nyuma hatua chache hadi maji yafike kwenye vifundo, anatazama, anarudi kusahihisha. Herufi za mtumbwi huwa anazinenepesha chini, kwa sababu nusu ya chini ndiyo inayoliwa kwanza na maji na mchanga.

Mwaka 2020 ziwa lilipanda likaingia majumbani. Mvuvi mmoja, aliyehamisha familia yake mara maji yalipofika kitandani, hataki dini wala majibu kwa majirani. Ameandikisha jina la barabara aliyokuwa akiishi, iliyo chini ya maji. Fundi aliuliza kama ana hakika. "Sasa iwe wapi?" mvuvi akajibu, akaendelea kumwagia chumvi samaki wake wa makayabu.

Ng'ambo, upande wa Uganda, wanajiandaa kuchimba mafuta. Bomba la kilomita 1,443 linajengwa kuyapeleka Tanga, Bahari ya Hindi. Mafuta yatafika kwenye pwani yenyewe kabla ya wengi wetu. Upande wetu nyavu zinakauka, na bei ya samaki aina ya kapiteni imepanda.

Jumapili 11 Agosti

Baada ya misa nimekuwa nikimfikiria fundi wetu, na pamoja naye mpiga picha mmoja wa Zanzibar. Ranchhod Oza alifungua studio yake ya picha, Capital Art Studio, Mji Mkongwe mwaka 1930. Alikuwa mfanyabiashara wa picha: maharusi, masultani, wanafunzi, yeyote aliyelipa. Hakusema anahifadhi historia ya mji. Lakini mji ulipobadilika, mapinduzi yakaja, watalii wakaja, sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ikaanguka tarehe 25 Desemba 2020, watu wakarudi kwenye picha za duka lile kutazama walivyokuwa.

Tofauti na sisi ni moja tu: filamu za Oza zilibaki dukani. Kazi ya fundi wetu, kila inapolipiwa upya, inafuta iliyotangulia. Hana nakala, hana albamu. Nilipomuuliza kibao chake cha kwanza kiko wapi, alionyesha bati lililoziba pengo kwenye banda la kuku. Maandishi yalikuwa kwa ndani.

Bunia, Jumamosi 17 Agosti

Kwenye Bulvari wameshusha vibao vitatu vya bati na kutundika turubai zilizochapishwa kwa mashine. Zinapendeza, zinang'aa, na jua litazipausha upesi. Sina ugomvi nazo. Mwenye duka anataka wateja. Fundi naye hakulalamika, aliomba apewe yale mabati.

Nimeamua jambo. Shule zinafungua Septemba. Kazi ya kwanza ya darasa la historia haitakuwa Berlin 1885. Kila mwanafunzi atapiga picha kwa simu vibao na maandishi ya ukutani ya barabara yake: misalaba kwa ruhusa ya wenyewe, mizani ya dhahabu, kwado, na kila parseli isiyouzwa. Chini ya kila picha aandike avenue, kata, tarehe, na jina la aliyechora kama linajulikana. Mwenye nyumba akikataa, asilazimishwe, maana kuna kuta hapa ambazo bado ni kesi.

Nimemwambia fundi kwamba kuanzia sasa aweke sahihi yake pembeni. Ameniuliza nani atalipia hizo herufi. Nimelipia za mwaka huu.