Kabla hujawaruhusu watoto kuingia kidimbwini

Shule zikifungwa, watoto wa jijini huwa na ombi moja: kupelekwa kuogelea. Mzazi naye hupiga hesabu ya nauli, kiingilio na chipsi, akasahau kuuliza maji yenyewe yana nini. Na siku hizi wapo wanaotangaza kidimbwi cha "maji ya chumvi, bila dawa", bei ikiwa juu kidogo. Je, msomaji, dawa haimo kweli?

Imo. Kidimbwi cha chumvi ni kidimbwi cha klorini. Chumvi kama ile ya jikoni huyeyushwa majini, gramu 3 au 4 hivi kwa kila lita, kisha maji hupitishwa kwenye mashine yenye vibamba vya umeme. Umeme huifanya chumvi itoe klorini, na hiyo ndiyo inayoua viini. Kwa kuwa hutoka kidogo kidogo badala ya kumwagwa kwa ndoo, maji huwa laini mwilini na wengi huyapenda. Chumvi yenyewe ni haba. Bahari ina gramu 35 hivi kwa lita. Lakini stima ikipotea, jambo ambalo Mkenya hahitaji kuelezwa, mashine hulala, huku jua likiendelea kuila klorini iliyobaki. Uliza kama wana jenereta.

Sasa ile harufu kali ya kidimbwi. Wengi wetu tukiinusa husema, "Hapa pametiwa dawa sawasawa!" Kumbe ni kinyume. Klorini ambayo haijafanya kazi hainuki sana. Harufu hiyo, pamoja na macho mekundu, huletwa na klorini iliyokwisha kukutana na jasho, mafuta ya mwili na, niwie radhi, mkojo. Ndiyo sababu ningelipa kuingia kidimbwi cha kawaida ambacho mhudumu huwarudisha watu bafuni waoge kwanza, na hupima maji mbele yako, kuliko cha chumvi ambako kila mtu hujitosa na vumbi lake. Klorini ikiwa kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, viini vingi hufa kwa dakika chache. Si vyote, lakini. Kimoja kinacholeta kuhara, kriptosporidiamu, huweza kuishi zaidi ya wiki moja hata katika maji yaliyotiwa dawa vyema. Mtoto anayeendesha abaki nyumbani, alie asilie.

Jambo jingine halihitaji kipimo. Simama ukingoni, upande wa kina kirefu. Usipoona vigae vya chini vizuri, usimruhusu mtoto kuingia, hata kama umekwisha kulipa. Akizama humo, hakuna atakayemwona.

Kwa wanaotaka maji ya asili, Nairobi si mbali na Olkaria, ndani ya Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Hapo kampuni ya KenGen ilifungua vidimbwi vya mvuke mwaka wa 2013. Maji hutoka ardhini yakiwa moto, yakapoozwa kabla ya kufika kwa waogaji, nayo yana silika inayoyapa rangi ya samawati kama yaliyochanganywa na maziwa. Ni mahali pa kupendeza mno, hasa asubuhi ya baridi. Ila rangi hiyo hiyo huficha kilicho chini, na mtoto hupatwa na joto haraka kuliko wewe. Mshike mkono, na mtoke mapema mkanywe maji.

Mombasa nako bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na maji yakitoka hubaki madimbwi ya kina kifupi kwenye miamba, ambamo watoto hufurahia kutazama samaki wadogo. Wavishe viatu, kwa sababu ya miiba. Mvua kubwa ikinyesha, ngojeni siku mbili tatu, maana mifereji ya mji humwaga uchafu wake humo humo. Na katika ufuo wa umma wa Bamburi, kabla ya kumkodishia mtoto tairi la kuelea, waulize wavuvi maji yanaanza kupwa saa ngapi, kwani yakianza huweza kulivuta tairi hilo kuelekea nje.